Usiandike Majina ya Watoto kwa Nyota

Wamama wenzangu, kama muko na binti anayefundisha watoto kanisani, musome hii mpaka mwisho, kisha muangalie kwa ukuta ya nyumba yenu kama hakuna karatasi inaning'inia pale.

Mimi karatasi yetu niliiona wa kwanza, mbele ya watu wote, na nilisema: "Léonie, choma hii."

"Mama, weye unaogopa hata mufuko ya simenti," akanijibu.

Ilikuwa mwaka wa deux mille trois, elfu mbili na tatu, mwezi wa tano. Bunia, muji yetu, ilikuwa imetoka kupigwa na kubadilisha wakubwa. Léonie, binti yangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na nane. Masomo yake ilikuwa imesimama juu ya vita, lakini kufundisha watoto siku ya Mungu hakusimamisha. Alipasua mufuko ya simenti, akageuza upande ya ndani, akachora nyota kumi na tatu na kalamu ya biki ya bleu. Ine kati yao alizifunga na mustari, zikafanya ile musalaba ya nyota inaonekana upande ya kusini.

Alikuwa amesoma kwa kitabu ya géographie kama kila nyota ni jua, na kama dunia yetu, ukiiangalia toka kule, haionekane hata sawa mbegu ya mboga ya lengalenga. Akaenda kuwaambia watoto vile. Ni binti yangu, sitamukana, lakini mambo kama ile hauambie mutoto wa miaka tano aliyelala chini ya kitanda siku ine juu ya kuogopa risasi. Glodie, wa miaka tano, akaanza kulia.

"Basi Mungu atatuona namna gani?"

Léonie akamupatia nyota. Akaandika GLODIE pembeni ya ile ya juu ya musalaba. "Mungu anajua jina ya hii nyota. Na yako anaijua." Wengine nao wakadai. Kumi na mbili zikaandikwa majina, moja ikabakia bure, juu ya mutoto atakayekuja kisha.

Siku ya pili ya juma, mchana, watu wa bunduki waliingia kwetu kutafuta silaha. Mukubwa wao alijiita Komanda Radi. Walikuta sufuria mbili, Biblia, na karatasi.

"Hii karte ya njia ni ya nani?" komanda akauliza.

"Si karte, ni nyota," Léonie akasema.

"Nyota gani inaitwa Blanchard?"

Léonie akamuonyesha na kidole. Mimi nilikuwa namuvuta rinda, lakini yeye, ukimuuliza kitu ya masomo, anajibu.

Komanda akaweka kidole chake kwa ile musalaba. "Mimi nilichimba zahabu Mongbwalu miaka sita. Barabara usinifundishe. Hii ya chini ni Bunia. Hii Marabo. Hii Nizi. Hii ya juu ni Mongbwalu. Na kila mahali muko na mutu wenu."

"Apana, komanda. Ni mbali kuliko Mongbwalu."

"Mbali namna gani?"

"Mwangaza ukitoka kwa Blanchard, unatembea miaka mia tatu mbele ya kufika Bunia."

Komanda akafikiri. "Na pikipiki?"

"Pikipiki haifike."

"Ni juu ya bariere, barabara imefungwa?"

Mulinzi wake, mutu wa ndevu, akacheka. Komanda akamuangalia, akaacha kucheka. Wakamukamata Léonie pamoja na karatasi yake.

Niliwafuata mpaka kwa kampi yao, nyumba ya mufanyabiashara aliyekimbia. Nilipiga magoti. Komanda hakunitukana, ile njo iliniogopesha zaidi. Alisema:

"Mama, njia iko mbili. Ya kwanza, leta hawa watu kumi na wawili, niwaone na macho. Kama ni watoto, nitaona ni watoto. Ya pili, mbingu ionyeshe hii musalaba sawa iko kwa karatasi. Siku ya tano asubui tunapanda Mongbwalu. Wafungwa wanapanda na siye."

Wafungwa waliopandishwa siku za nyuma hawajarudi mpaka leo ninapoandika.

Watoto wale walikuwa wa pande zote mbili za vita. Jina ya ubatizo haitaje kabila. Lakini mutoto mwenyewe, ukimuuliza jina ya babu yake, anakuambia, tena anafurahi umemuuliza. Kwa kampi ile kuna majina ya babu iliyokuwa inatosha kumuua mutu.

Siku ya tatu mchana nilienda kwa Geneviève, mama ya Glodie. Alikuwa anapanda maharagi nyuma ya nyumba. Hakuacha jembe.

"Nimesikia. Mama Léonie, nakupenda, unajua. Lakini Glodie hatoki hapa."

"Sikukuja kumuomba."

Nilidanganya. Nilikuwa nimekuja kumuomba. Njiani nilikuwa nimekwisha kuwaza nguo atakayovaa.

Geneviève akaninawisha uso na maji ya ndoo, akanikalisha. "Unabakia na njia ya pili," akasema. "Na mimi nilikuwa nasali mvua juu ya haya maharagi."

"Unasali bado?"

"Nimeacha tangu hii asubui."

Mwezi wa tano kwetu mawingu inakaa chini sawa paa ya nyumba. Siku ya pili jioni, mvua. Siku ya tatu jioni, mvua. Nilikuwa napeleka bugari na sombe ya majani ya muhogo kwa Léonie, namuona anakula, kisha tunaangalia juu, siye wote, na walinzi. Hakuna kitu.

Nilisali. Sikusoma mingi, nilifika sixième primaire, darasa ya sita, lakini hesabu ile niliweza kuifanya. Kama nyota ni majua, na haziishe, na zote anazichunga mwenyewe, basi kwa kazi ile yote, nyumba moja ya Bunia iko wapi? Niliona ni afazali kuomba kitu kidogo. Nikasema: "Baba, sikuombe uondoe vita. Sikuombe mbingu yote. Nakuomba upande ya kusini tu, dakika tano."

Siku ya ine, ya mwisho, mvua ilinyesha toka saa saba mpaka saa kumi na mbili, ikakatika. Nilikuwa nimesimama kwa kiwanja ya kampi na sahani mukononi. Komanda akatoka na karatasi, mulinzi wa ndevu akamumulikia na toroshi. Giza ikaingia. Mawingu ya kusini ikapasuka polepole, na nyota moja ikatoka.

"Huyu ni nani?" komanda akauliza.

"Glodie," Léonie akasema.

Kisha Blanchard. Kisha, upande ya kushoto, Orly. Ya ine haikutoka. Wingu ilikuwa imekaa mahali yake, na nyuma ilikuwa inakuja ingine, kubwa kupita ile. Komanda akahesabu kwa karatasi, akahesabu juu.

"Ni tatu. Hii ya ine iko wapi?"

Sombe ikapoa. Mulinzi wa ndevu akasafisha koo.

"Nathanaël amechelewa, komanda. Tumungojee kidogo."

Tulimungojea. Nathanaël akatoka, mudogo kuliko wote, sawa alivyo mwenyewe.

Komanda akabakia anaangalia juu. "Hizi zote Mungu anazijua?"

"Zote," Léonie akasema.

"Na siye huku?"

"Na siye."

"Basi iko na kazi mingi." Akashusha karatasi. "Enda kwenu."

Ningepashwa kukimbia. Lakini karatasi ilibakia mukononi mwake, na miye mwoga nikasikia nasema: "Komanda, na karatasi. Ni majina ya watoto ya watu."

Akanikazia macho. Kisha akaweka kidole kwa ile nyota ya pembeni. "Hii haina jina."

"Haina," Léonie akasema.

"Andika Emery."

Mulinzi wa ndevu akageuka upande mwingine. Nazani ile jina yake ya ubatizo, kwa kampi hakuna aliyeijua. Léonie akaandika, na komanda akatupatia karatasi.

Niliichoma kwa makaa ya mbabula usiku ule ule. Mbele ya kuichoma nilisoma majina yote mpaka ikaingia kichwani. Ile njo mashauri yangu kwenu, wamama: binti afundishe nyota, afundishe na ukubwa yao kama anataka, lakini majina ashike kichwani. Mungu naye iko na kitabu, wanasema, lakini ya kwake iko mahali hakuna mutu anafungua mulango na teke.

Majina ile nasali nayo kila jioni, kumi na tatu. Kumi na mbili nazisema polepole. Ya Emery inakuja mwisho. Naisema mbio mbio, lakini naisema.