Jiwe Lisilofika Chini

Mkwe wangu alivua ziwani tangu hajaota ndevu, na mimi nilimpata binti yake baada ya kumchimbia chambo mpaka kucha zikaisha. Kwa hiyo kazi iliponihamishia mji wa pwani, naye akaja na mama mkwe kututembelea, hakukuwa na mjadala: Jumamosi tunakwenda kuvua baharini. Mimi bahari niliiogopa tangu siku ya kwanza. Inanguruma hata pasipo na upepo, na sipendi kitu kinachonguruma bila sababu. Lakini nani atamwambia baba mkwe kwamba anaogopa maji?

Mwenye boti tuliyoikodi alikuwa seremala. Tulimkuta anapiga randa kasia jipya. Akazitazama nyuzi zetu nyembamba, kisha jiwe letu la nanga na kamba yake fupi.

"Jamani, bahari mnaijua?"

"Maji ni maji," mkwe akasema.

"Haya. Ila yameanza kupwa. Msiende mbali."

"Yapwe yaende wapi?" Mkwe akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, maana baba mkwe akicheka unacheka.

Tukapiga makasia hadi mawimbi yalipotulia, tukashusha jiwe kama tulivyolishusha ziwani miaka yote. Samaki wawili watatu wakala upesi, mkwe akaanza kuimba. Kiu ilipomshika akainama, akachota maji kwa kiganja, akanywa. Akayatema.

"Chumvi!" akasema, kwa hasira ya mtu aliyepunjwa dukani.

Tulicheka tena, lakini mimi nikapekua chini ya viti vya boti. Hatukuwa na tone la maji ya kunywa. Ziwani ukibeba maji ya kunywa watu watakuuliza kama umerogwa.

Hapo ndipo nilipotazama pwani. Wakati tunashusha jiwe, tangi la maji la mjini lilionekana kubwa kama pipa. Sasa lilikuwa kama kikombe. Nikajifanya najikuna mguu, nikaigusa kamba ya nanga, nikaivuta kidogo. Jiwe likaja. Halikuwa limegusa chochote. Lilikuwa linaning'inia tu chini yetu, nasi tunakwenda.

Nilitaka kupiga kelele, lakini utamwambiaje mtu aliyekufundisha kufunga nanga kwamba nanga yake haijashika? Nikaamua nimwache aone mwenyewe. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anashusha ndoano, anapandisha, anashusha tena. Wimbo ulikuwa umekwisha. Nikajiambia, akipandisha tena nitasema. Akapandisha. Nikajiambia, mara hii moja tu. Kikombe kikawa kizibo cha chupa.

"Baba," nikasema mwishowe, sauti ikatoka kama ya mtoto. "Naona kama… tumesogea kidogo."

Hakugeuka. "Nimeona."

"Tangu lini?"

"Tangu lile tangi lilipokuwa kama ndoo." Ndoano aliyoipandisha ilikuwa tupu, haina hata chembe ya chambo. "Nilikusikiliza, mwanangu. Nikaona umenyamaza, nikasema labda ndivyo bahari ilivyo. Sasa mimi nianze kuogopa mbele ya mkwe wangu?"

Tuliyakamata makasia kama watu wanaokimbizwa. Tulivuta, tangi likabaki vilevile. Tukavuta tena, ngozi ya viganja ikachunika, mpini ukateleza kwa damu. Mkwe akaacha kuvuta, akaanza kumwita mama yake aliyekufa zamani. Nililia, sifichi. Kisha nikamfokea mzee yule, mimi niliyekuwa siwezi hata kumtazama usoni: "Vuta! Nimesema vuta!" Akavuta. Hatukujua kwamba maji yakipwa hujaa tena. Sisi tuliona yameamua kututoa duniani. Kwa hiyo makasia yalipokuwa mepesi ghafla na tangi likaanza kukua, hatukuulizana kwa nini. Tuliogopa kwamba tukiuliza yatabadili nia.

Nyumbani tulikuta mke wangu na mama yake wameshaweka sufuria tayari.

"Haya, bahari imewapokeaje?" mama mkwe akauliza.

"Bahari?" Mkwe alikuwa anakunywa maji gilasi baada ya gilasi. "Si ziwa tu lililotiwa chumvi. Jumamosi ijayo tunarudi, na safari hii tutakwenda mbali zaidi. Au vipi, mkwe?"

Wote wakanigeukia. Mkwe akaishika gilasi kwa mikono miwili. Aliniangalia bila kupepesa, na nikamwelewa vizuri kabisa. Alikuwa ananiomba nikatae. Alitaka nimfokee kama kule, mbele ya watu wote, ili abaki nyumbani bila kuaibika. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Mama mkwe alikuwa anangoja.

"Ndiyo, baba," nikasema.