Mchimba Visima na Miisho Yake Miwili

Mpwa wangu wa miaka mitano alisimama njia panda tangu asubuhi mpaka alasiri akimngoja baba yake, kwa sababu ya hadithi niliyomsomea mimi. Baba hakuja. Huo ndio ubaya wenyewe, na nauweka mbele ili nisionekane nazungukazunguka.

Nilikuwa nafanya kazi chumba cha watoto cha maktaba. Shule niliiacha mapema, sikufika hata mahali pa kujisifia. Niliingia pale kama mfagizi, nikahamishiwa kwenye ukarabati wa vitabu, na kwa kuwa gundi haikauki haraka, nikawa nawasomea watoto waliokuja kunishangaa wakati nasubiri. Wakaniita Mzee Gundi. Mkuu wa maktaba, mama mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika, akaona afadhali anipe mkeka wa hadithi kabisa.

Baada ya miaka mingi pale nina maoni yangu, na sioni haya kuyasema. Mtoto wa miaka miwili, kitabu kwake ni chakula. Mpe cha kurasa ngumu atafune. Ukimnyang'anya unamfundisha kwamba kitabu ni kitu cha kupigiwa kelele. Wa miaka minne mpaka sita hataki kuambiwa dunia ikoje. Anataka mtoto wa kwenye hadithi afanye jambo kwa mkono wake mwenyewe, na jambo likubali. Si baba alifanye, si mama, ni mtoto. Saba mpaka tisa wanataka woga, chakula kingi, na mtu mbaya achapwe mpaka ajute. Ukiwamalizia na "kwa hiyo watoto tuwatii wazazi wetu," wanaguna chumba kizima. Kumi mpaka kumi na mbili wana pua kali, uongo wanaunusa toka mlangoni. Waambie ukweli au nyamaza. Akishafika kumi na tatu usimpe kitabu. Kisahau mezani karibu naye, uende zako.

Wazazi hawapendi kusikia haya. Baba mmoja alinijia na kitoto kimemshika kidole.

"Huyu ana akili sana. Nitafutie kitabu cha umeme."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Lakini usimwone hivyo."

Mimi nilikuwa namwona. Alikuwa ameshafika kwenye sanduku la chini, amechomoa kitabu cha bata, na bata alikuwa mdomoni.

"Mwache amalize huyo bata kwanza," nikasema. Yule baba aliondoka kwa hasira, bila umeme na bila bata.

Basi kulikuwa na kitabu kimoja chembamba, hadithi ya mchimba visima. Ameitwa kuchimba kisima mbali, nyuma ya vilima, ameacha mke na mtoto. Mvua zinakuja zinapita, harudi. Kwenye ukurasa wa mwisho tulionao, mama anawasha taa na kuiweka dirishani. Ukifunua, unakutana na jalada. Karatasi ya mwisho ilichanika kabla kitabu hakijafika kwetu, kimebaki kipindo tu, ukingo mwembamba wa karatasi, kwenye uzi.

"Kitabu kisicho na mwisho hatukiweki," mkuu aliniambia. "Kitoe rafuni, Mzee Gundi."

Nikasema sawa, halafu sikukitoa. Watoto walikipenda, na mimi niliipenda ile karatasi isiyokuwepo, maana ilinipa nafasi. Jumamosi asubuhi, kwa wadogo, mtoto wa mchimba visima anaamka bila kumwambia mtu, anakwenda mpaka barabara inapoanzia, anasimama. Hakai chini hata kidogo. Jua linapoinama, baba anatokea na jembe begani. Wadogo walikuwa wanapiga makofi mpaka vumbi linatoka kwenye mkeka. Alasiri, kwa wakubwa, baba harudi. Mama anazima taa asimalize mafuta, na mtoto anajifunza kuchota maji mwenyewe. Wakubwa hawakupiga makofi. Mmoja alisema, "Soma tena pale pa taa."

Nilijiona fundi. Kila umri na kipimo chake, kama viatu. Nilichosahau ni kwamba watoto wa nyumba moja wanalala chumba kimoja.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ana wawili. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, tunamwita Ticha kwa sababu anamsahihisha kila mtu, hata daktari. Mdogo ni Kifungo, mfupi na mviringo tangu azaliwe. Wote walikuwa wanakuja kwangu Jumamosi, Kifungo asubuhi, Ticha alasiri. Baba yao alikwenda kufanya kazi mji wa mbali. Mwanzo alipiga simu kila wiki, baadaye akawa anapiga akikumbuka, mwisho simu yenyewe ikawa haipatikani. Dada yangu alijua kilichomshika huko, na mimi nilijua: alikuwa na mke mwingine na mtoto mchanga. Watoto waliambiwa kazi imembana.

Siku ile dada yangu aliingia maktaba mchana, futi ya kupimia bado shingoni.

"Kaka, Kifungo yuko huku?"

"Si yuko shule?"

"Hayuko. Dada yake alimwacha getini asubuhi. Mwalimu anasema hakuingia darasani."

Tukagawana mji. Yeye alirudi upande wa shule, mimi nikashika upande wa soko. Niliuliza wauza nguo, wauza maji, waosha magari. Hakuna aliyemwona. Nilitembea roho juu juu mpaka nikatokea njia panda, pale mabasi ya mbali yanapoingilia mjini. Kando ya banda la mziba pancha nikamwona. Amesimama wima, mikono ubavuni, kama askari, uso ameuelekeza barabarani. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Wa kwako huyu?" mziba pancha akaniuliza. "Sijawahi kuona ukaidi wa namna hii. Nimempa tairi akalie, hataki. Nimempa maji, kanywa kasimama. Namuuliza unamngoja nani, ananiambia baba yuko njiani, usinisemeshe, nitajisahau nikae."

"Na wewe ukamwacha tu?"

"Kasema yuko njiani! Mimi nimjue vipi baba yake?"

Kaptula ya mtoto ilikuwa imelowa mpaka kwenye soksi. Alikuwa amejikojolea palepale, asiache nafasi yake.

"Twende nyumbani, bwana mkubwa."

"Jua bado halijainama, Mjomba."

"Mama anakutafuta."

Akalitazama jua, akanitazama mimi. Kisha akasema polepole, kama anayekiri kuvunja sahani, "Mjomba, nilichuchumaa. Lori lilipita na vumbi, nikachuchumaa kidogo. Kuchuchumaa ni kukaa?"

"Hapana. Si kukaa."

"Sasa mbona hajaja?"

Nilimpigia mama yake simu, nikambeba mgongoni. Njia nzima shingo yake ilikuwa imegeukia nyuma. Nilijua kwa jinsi uzito wake ulivyonivuta.

Dada yangu alimwosha. Alikuwa anamfuta kwa taulo Ticha alipoingia mbio na mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Si nilikwambia?" akamwambia mdogo wake. "Nilikwambia haji. Kwenye kitabu haji. Mama anazima taa."

"Anakuja! Ana jembe begani!"

"Jembe umeliota wewe."

"Sijaota! Mjomba, mwambie!"

"Ee, Mjomba mwambie," Ticha akasema. "Mwambie asome vizuri."

Wote wawili wakanitazama. Dada yangu naye akaacha kufuta.

"Kitabu gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye karatasi iliyochanika. Alinisikiliza mpaka mwisho, taulo mkononi.

"Kwa hiyo kitabu ni kimoja. Huyu umemwambia hivi, yule umemwambia vile."

"Kila umri una namna yake, dada. Mtoto wa miaka mitano..."

"Usiniletee mambo ya umri hapa! Baba wa hawa hayupo, na wewe unajua kwa nini hayupo. Kati ya vitabu vyote mle ndani, ukawachagulia hicho? Huyu umemvunja moyo, huyu umempeleka barabarani."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Sikuumbwa hivyo.

"Na wewe je? Wewe umewasomea mwisho upi? Kazi imembana. Imembana mwaka wa pili huu?"

Niliona uso wake ukibadilika. Mwezi mmoja kabla, alikuwa amenieleza jinsi atakavyowaambia. Angengoja shule zifungwe. Angeanza na Ticha, wakiwa wawili tu, wakishona kitu, maana Ticha husikia vizuri mikono ikiwa na kazi. Mdogo angefuata baadaye, kidogo kidogo. Alikuwa ameyapanga maneno yake moja moja, hata akayajaribu kwangu, na mimi nikamwambia ni mazuri.

Sasa aliyatoa yote kwa mkupuo, kama mtu anayefumua mshono mbovu. Alikuwa ananitazama mimi, watoto hakuwaangalia.

"Baba yenu hajabanwa na kazi. Ana nyumba nyingine, ana mke mwingine, na ana mtoto mwingine. Hatarudi kukaa hapa. Haya, mjomba wenu alitaka mwisho, ndio huo."

Ticha akasema, "Nilijua." Lakini alivua mkoba, akauvaa tena, akauvua.

Kifungo alikuwa bado ameshikilia pindo la taulo. "Ni kwa sababu nilichuchumaa?"

"Hapana!" tulisema wote watatu, kwa sauti kubwa mno. Akashtuka, akarudi nyuma. Nadhani ule mshtuko ndio aliouamini, neno lenyewe hakulisikia.

Kesho yake nilikichukua kile kitabu, nikawapelekea. Niliwaonyesha kipindo kilichobaki kwenye uzi. Nikawaambia waziwazi, karatasi haipo, aliyetunga ni mimi.

Kifungo alipitisha kidole kwenye kipindo. "Hujui kama alikuja?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Umetunga zote mbili?" Ticha akauliza.

"Zote mbili."

"Hata ya kwetu wakubwa?"

"Hata ya kwenu."

"Ulisema sisi wakubwa unatuambia ukweli."

"Nilikisia tu, mama."

"Ulikisia sawa," akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

Maoni yangu sijayafuta. Mpaka leo naamini mtoto mdogo anataka mtoto mwenzake wa kwenye hadithi afanye jambo mwenyewe na lifanikiwe. Kosa langu lilikuwa kudhani anaiacha hadithi mkekani anapoondoka. Na kosa la pili, kubwa kuliko hilo, lilikuwa kumjibu dada yangu mbele ya watoto.

Kwa mkuu wa maktaba nilikwenda mwenyewe, nikamweleza kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza, akanyoosha mkono, nikampa kitabu.

"Nilikwambia ukitoe," akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote.

Basi kilichopotea ni hiki. Kitabu cha mchimba visima hakipo tena. Mkeka wa Jumamosi anaukalia binti mmoja aliyesomea kazi hiyo. Anasoma vizuri, kila hadithi na mwisho wake mmoja, na mimi nimerudishwa chumba cha nyuma, ambako watoto hawaruhusiwi kuingia kwa sababu ya harufu ya gundi. Ticha amerudisha kadi yake ya maktaba. Dada yangu ananikaribisha, ananipa kiti, ila hatoki sebuleni nikiwa na watoto. Yale maneno aliyokuwa amewaandalia hakuyasema, na sasa hayana pa kusemewa. Kifungo bado anamuuliza mtu yeyote anayemwamini kama kuchuchumaa ni kukaa. Mimi haniulizi. Jioni mama yake humsomea, na hadithi inapokaribia kuisha, mtoto anaziba masikio.