Mkono Kwenye Kufuli

Mama aliposikia kuna kitabu kimetoka kuhusu maafa ya uwanjani, tena cha picha, hakunipa nafasi ya kupumua. Kila nikirudi kutoka saluni, kabla sijavua viatu, ananiuliza nimekipata au bado. Macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu basi. Nikamtania kwamba ningemnunulia redio, angalau ingemfaa. Akasema macho yangu yatamtosha.

Alichokuwa anakitafuta humo nakijua. Kaka yangu, tuliyemwita Mrefu, alikuwa bawabu wa geti la nyuma siku ile watu walipokanyagana uwanjani na bendera zikapepea nusu mlingoti nchi nzima. Alirudi nyumbani mzima, hana hata mkwaruzo, na hilo lenyewe watu hawakumsamehe. Walisema alilifunga geti. Yeye hakusema ndiyo wala siyo. Alikaa kimya mpaka ugonjwa ukamchukua, akaondoka na lake moyoni. Mama hakuyaamini maneno ya watu hata siku moja. Mwanangu hakufunga, alisema, na aliyebisha hakupewa tena kiti kwetu.

Wa kwanza kukikosa kiti hicho alikuwa shoga yake wa tangu ujana, mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Binti yake wa pekee alifia kwenye geti hilohilo. Tangu wakati huo nikimwamkia anaitikia marahaba na kuendelea na njia yake, na mama akiisikia sauti yake uani anageukia ukutani.

Basi nikakinunua. Wateja wangu walinicheka, mtu mzima na katuni, nami nikawajibu kwamba wanaotaka kuendelea kucheka watasuka kwingine. Mchoraji alieleza mwanzoni kwamba hakutunga kitu. Aliwahoji walionusurika na wafiwa, akachora walichokiona.

Kumsomea picha mtu asiyeona ni kazi ya punda. Mama alitaka kila kitu: amevaa nini huyu, anatazama wapi, nyuma yake kuna nani. Nilikuwa nimeketi naye kitandani, nimeanza kuchoka, nilipofika kwenye kurasa mbili zinazotazamana zisizo na neno hata moja. Kaka yangu alikuwa humo. Kichwa kimeinama kidogo upande, kofia ndogo kuliko kichwa. Jina halikuandikwa, lakini dada hahitaji jina.

Nikamsomea mama, ukurasa wa kushoto kutoka juu hadi chini, kisha wa kulia. Mtu mwenye redio ya mawasiliano mkononi, kama mkubwa wa ulinzi, ananyoosha kidole kwenye geti. Watu wanafurika kuelekea getini. Mikono imepenya kwenye nondo, inaomba. Halafu upande wa pili, mkono wa Mrefu kwenye kufuli, ufunguo ukiwa ndani. Halafu Mrefu anakimbia, nadhani kutafuta msaada. Mwisho geti liko wazi, na viatu vimetapakaa chini.

"Alifungua," mama akasema.

Akataka kuugusa mkono huo. Nikakiweka kidole chake juu yake, naye akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata msibani. Na mimi nililia. Nilijisikia mwepesi, nikataka kutoka nje niwatukane watu wa mtaa mmoja mmoja.

Mama akanituma nikamwite Fundi. Nilimsihi asimtoneshe mwenzake kidonda, lakini mama akikata shauri ni bure kumbembeleza. Nilidhani Fundi atanifungia mlango. Alinisikiliza, akanifuata vilevile alivyokuwa, utepe wa kupimia shingoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Mama akaniambia nisome tena, na nikasoma kwa mbwembwe kidogo, sikatai. Kidole cha mama nilikuwa nimekirudisha palepale kwenye kufuli.

Fundi aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimesoma hivyo kwa makusudi.

Hasira zangu ziko karibu sana. Nikamjibu kwamba nimesoma kilichochorwa, na asiyependa akagombane na mchoraji. Aliinuka, akaweka kidole kwenye picha ya kwanza, ya mtu wa redio, akakiburuta hadi kwenye mkunjo wa kitabu, akauvuka, akaenda nacho hadi kwenye picha ya juu ya ukurasa wa pili.

"Mchoraji alinionyesha mwenyewe wakati anazichora," akasema. "Hizi kurasa mbili ni moja. Unavuka, halafu unarudi kushoto."

Nikatazama vizuri. Chuma cha juu cha geti kilianza ukurasa wa kushoto na kuendelea ukurasa wa kulia bila kukatika. Mtu wa redio ananyoosha kidole, mkono uko kwenye kufuli. Watu wanafurika, Mrefu anakimbia. Mikono iko kwenye nondo. Geti nililoliita wazi limeanguka. Mkono ulikuwa uleule, na ufunguo uleule.

Mama akauliza kuna nini.

Fundi alinitazama. Aliniachia mimi. Kudanganya kulikuwa rahisi, maana neno la kufunga hakuna aliyekuwa amelitaja, na mama angekufa siku yake ikifika akiwa na amani. Lakini mbele yangu alisimama mama mwingine, naye alikuwa ananisikiliza. Nilimchukia mchoraji, nikamchukia kaka, nikajichukia kwa kukileta kitabu ndani ya nyumba.

"Soma upya," mama akasema. "Na usinifiche."

Nikasoma kwa kuvuka. Nilipofika kwenye kufuli nilisema anafunga. Ameambiwa, mama, lakini anafunga. Kisha anakimbia.

Kidole cha mama hakikuondoka kwenye mkono wa mwanawe. Nilingoja atukane, atufukuze, aseme mchoraji mwongo. Uso ulimshuka tu, akazeeka mbele ya macho yangu. Alipofumbua mdomo hakusema na mimi.

"Shoga, mwanao yumo?"

"Yumo," Fundi akasema. "Mkono tu. Ule wenye lastiki kifundoni, gauni nilimshonea mimi."

"Nipeleke."

Fundi akakishika kidole cha mama, akakiinua kutoka kwenye kufuli, akakivusha mkunjo na kukishusha chini kushoto, kwenye nondo. Haikuwa safari. Kiganja kilichotanuliwa kingezigusa picha zote mbili.

"Alikuwa karibu hivi?" mama akauliza.

"Karibu hivyo."

Mama akakiacha kidole hapo, na Fundi hakumwachia mkono.