Mwalimu wa Siku Moja

Kwa miaka mitatu bibi shamba, yule afisa kilimo mwenye pikipiki, alimsihi Mzee Mahindi achanganye mazao, na kwa miaka mitatu mzee alitia pamba masikioni. Mahindi yake yalifika mpaka mlangoni. Leo bibi shamba alikuja na wanafunzi ishirini.

"Shikamoo mzee wangu. Vijana hawa wanataka kufundishwa na mkulima mzoefu, si mimi."

Mzee akavimba kichwa! Akawatembeza shambani akiwaeleza kwamba mahindi peke yake huchosha udongo, kwamba kunde huurudishia nguvu, kwamba mkulima mwenye zao moja ni mtu wa mguu mmoja. Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga barazani, aliuma midomo asicheke. Maneno yale yote yalikuwa ya bibi shamba, neno kwa neno!

"Sasa babu, kunde zako ziko wapi?" akauliza msichana mmoja, kalamu tayari.

Mzee akakohoa. "Nazipanda... kesho. Njooni mwone."

Mkewe akamgeukia bibi shamba. Loo, mwanamke huyu! Wala hakutabasamu. Alikuwa ameinama nyuma ya pikipiki, anafungua kamba za gunia la mbegu za kunde alilokuja nalo tangu asubuhi.