Mlio wa Kumi na Mbili

Mjukuu wangu hutengeneza muziki chumba cha pili, nami hushona sare za shule upande huu. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba. Akipiga chafya kule, mimi hujifuta pua huku.

Ngoma hana, filimbi hana. Hununua milio mtandaoni, mmoja mmoja. Siku ya kwanza kusikia kwamba mtu kanunua mlio, nilicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

"Walikufungia kwenye gazeti au kwenye mfuko?"

"Bibi nawe! Nanunua leseni. Ni ruhusa ya aliyeurekodi. Nautia kwenye nyimbo zangu, ila siwezi kumuuzia mwingine ule mlio mtupu."

Basi, watu wa filamu wakaupenda wimbo wake mmoja. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana. Walitaka orodha ya kila mlio na leseni yake, mwisho saa kumi jioni. Saa nne asubuhi akanijia, uso umemshuka.

"Bibi, nimekwisha. Milio kumi na mmoja leseni zake ninazo. Wa kumi na mbili sijui niliutoa wapi. Na huo ndio waliousifia!"

"Si uutoe?"

"Wimbo utapwaya. Na nikidanganya, halafu mwenyewe akajitokeza, jina langu limechafuka hata halijajulikana."

"Hebu nisikie."

Akanivisha hedifoni. Tak-tak-tak-tak, kisha kigugumizi: t-tak. Nikajua pale pale. Mkanda wa cherehani yangu ulikatika mwaka juzi, nikauunga kwa waya. Kila ukizunguka, kile kifundo cha waya hugonga gurudumu. Bila shaka siku moja alirekodi kuimba kwake, akaenda kuoga na kuacha maikrofoni imewashwa.

Ningesema papo hapo. Lakini uzee una raha chache.

"Mwenyewe namfahamu," nikasema. "Mama mmoja mkali, hana dogo."

"Yuko wapi? Atakubali kweli?"

"Twende ukamsikie."

Nikaketi, nikakanyaga pedali. Tak-tak-tak-tak, t-tak. Alisimama mlangoni kinywa wazi, akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akanichapa bega.

"Umeniacha nihangaike makusudi!"

"Mke mwenzangu, acha kununa, andika leseni. Saa hazikungoji."

Akaandika, akaichapa. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, maana niliishia darasa la nne na karatasi za kutia sahihi nimeziogopa maisha yangu yote. Ilisema mimi ndiye mwenye mlio, na ninaruhusu utumike katika wimbo huu. Vizuri. Nikachukua kalamu, nikaongeza chini kwa mwandiko wangu wa kukokota: *Mpewa leseni atamtungia mwenye mlio uzi kwenye sindano kila asubuhi, bila kununa.* Nikatia sahihi.

"Bibi, hii inakwenda kwa watu wakubwa!"

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Orodha iliondoka saa tisa na nusu. Kabla jua halijazama jibu likaja: wimbo umekubaliwa, leseni zote kumi na mbili ziko sawa. Ila waliuliza jambo moja. Lile sharti la sindano, linawahusu na wao?

Nikamwambia awajibu kwamba wakipita karibu waingie, waje na miwani.