Jiko la Moshi na Chumba cha Uani

"Wanafamilia wapendwa, ninyi mlioketi mezani na wewe uliye jikoni unayejifanya husikii: kuanzia leo, nyumba hii inaingia katika zama mpya!"

Hivyo ndivyo Baba alivyotangaza asubuhi ile, amesimama wima, mkono mmoja kifuani, mwingine umeinua kijiko cha chai kama rungu la Spika wa Bunge.

"Zama mpya zitasubiri," Mama alijibu kutoka jikoni. "Gesi imeisha."

Baba akakaa. Halafu akasimama tena, maana tangazo lilikuwa bado limemkaba kooni. "Tunanunua jiko la moshi."

Shangazi, dada yake mkubwa, alishusha kikombe. Alikuja kutembea kwa wiki moja, na sasa alikuwa na msumari wake mwenyewe ukutani wa kutundikia mkoba. "Jiko la moshi? Mengine yote watu wanayakimbia kwa sababu ya moshi, wewe unaununua moshi dukani?"

"Ni la kubanikia nyama, Dada. Moto hauigusi kabisa. Nyama inakaa na joto dogo na moshi, polepole, kutwa nzima, mpaka yenyewe inakubali kuiva."

"Kama ulivyolelewa wewe," Shangazi akasema. "Na bado hujaiva."

Binti wa nyumba hiyo alicheka hadi chai ikamtoka puani. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Bwenini shuleni na nyumbani aliitwa Kitimbi, na aliyempa jina hilo hakuwa amemwonea. Muhula uliopita alikuwa ameitisha gwaride la usiku kwa kuiga sauti ya matroni, na bweni zima likapiga mguu sawa likiwa na nguo za kulalia.

Kwa hiyo likizo ilianza kwa mkataba. Mama alimkabidhi chumba kidogo cha uani, kilichokuwa stoo, kwa sharti moja: hila moja tu, hata ndogo kama sisimizi, na anarudi ndani kulala kitanda kimoja na Shangazi. Mtu ambaye hajalala na Shangazi hawezi kuelewa uzito wa adhabu hiyo. Shangazi alikoroma kama mashine ya kusaga, na mashine ikizimika kidogo, alirusha teke. Kitimbi aliapa kwa mikono yote miwili. Akahamisha godoro, akatundika kioo, na kwa mara ya kwanza akalala usingizi wa binadamu.

Sasa, Baba hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kukipenda tu. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na hata chumvi ya mezani aliitazama kana kwamba imeletwa kupimwa. Alianza kwa kutamani jiko moja refu la magurudumu, lenye sanduku la moto ubavuni. Mama alipoliona kwenye picha aliuliza kama watahamia humo. Likafutwa. Yakabaki mawili.

La kwanza lilikuwa pipa. Fundi wa kuchomelea wa pale kona alilikata kutoka pipa la mafuta ya kula, akalichoma tupu kutwa nzima hadi harufu ikaisha, akaweka wavu, matundu ya hewa chini yenye vifuniko vya kusukuma, na bomba fupi juu. La pili lilikuwa la umeme, limetoka dukani kwa majaribio, linang'aa kama jokofu la bwana harusi. Lilikuwa na vitufe, kipimajoto, na taa ndani ili nyama isiogope giza.

"Hilo ndilo la mwanagenzi," Baba alisema, akilipapasa mgongo. "Unabonyeza, unakwenda zako kuoga."

"Na mvua?" Mama akauliza.

"Hilo halitakiwi kunyeshewa. Linataka paa na soketi."

Wote wakageuka kutazama mahali pekee uani penye paa na soketi. Mlangoni mwa mahali hapo alikuwa amesimama Kitimbi na mswaki mdomoni.

"Hapana," akasema, povu likimtoka.

"Sisemi chochote," Baba akasema, huku tayari akipima upana wa mlango kwa macho. "Sayansi ndiyo itakayosema. Jumamosi tutafanya jaribio. Kidari kimoja cha ng'ombe, nusu huku, nusu kule, chumvi ileile, muda uleule. Mimi na Dada tutaonja bila kujua kipi ni kipi. Mama peke yake atakata na kupanga sahani. Chini ya kila sahani kutakuwa na kibandiko: chekundu ni pipa, buluu ni umeme. Litakaloshinda linanunuliwa. Kitimbi, utaangalia pipa."

Hapo ndipo Kitimbi alipogundua kwamba maisha yake yote, yaani chumba chake, yalikuwa juu ya nusu kidari cha ng'ombe.

Jumamosi alikaa na lile pipa kama muuguzi na mgonjwa. Fundi alikuja kumwonyesha, akafuta mikono kwenye suruali. "Kazi yako ni hewa tu, bibie. Ukifungua sana, moto unapanda kichwa. Ukifunga sana, moshi unakuwa mweupe mzito na nyama inaingia uchungu. Tafuta moshi mwembamba, ule usiouona mpaka ukodoe macho. Na usifunuefunue! Kila ukichungulia umeanza upya."

Kitimbi akasukuma vifuniko, akavirudisha, akaongeza gogo kavu, akajaza maji kwenye karai lililokaa kati ya makaa na nyama. Alikohoa. Alilia machozi ambayo hayakuwa ya majuto. Pembeni, jiko la umeme lilinguruma kwa adabu, halikumhitaji mtu. Baba naye alijifungia sebuleni na dada yake, mapazia yamefungwa, ili macho yao yasije yakapendelea.

Jioni Mama akafunua majiko yote mawili. Nyama ya umeme ilitoka kahawia safi, laini, inameremeta kama nywele zilizopakwa mafuta. Nyama ya pipa ilitoka nyeusi. Si nyeusi ya kusema "imekolea kidogo." Nyeusi ya soli ya kiatu. Ilikuwa na gamba, na kwenye ncha moja ilikuwa imejikunja kama inayoona aibu.

Roho ya Kitimbi ikashuka hadi kwenye ndala. Nani atachagua soli mbele ya yule bibi harusi?

Mama akakata, akapanga, akabandika vibandiko chini ya sahani, akafunika zote kwa kawa. "Nanawa mikono," akasema. "Na wewe usiguse kitu."

Kitimbi hakugusa nyama. Hilo liandikwe popote panapohusika. Aligusa vibandiko tu. Chekundu akakihamishia chini ya ile nyama nzuri, buluu chini ya soli, akavisugua kwa kucha vishike vizuri. Mama aliporudi alimkuta amesimama mbali, mikono nyuma, anasoma dari.

Baba na Shangazi wakaitwa. Kitimbi alikuwa ameshaanza kuchagua rangi ya pazia la chumba chake.

Ndipo Baba akatoa mfukoni vitambaa viwili.

"Vya nini hivyo?" Kitimbi akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko moshi wa fundi.

"Vya macho. Mtu akiona, anakula kwa macho. Ulimi hauna nafasi ya kusema." Akamfunga dada yake, akajifunga na yeye. Wakakaa wawili pale kama mateka wenye njaa.

Mama akawalisha kwa uma. Kwanza ile nzuri. Baba akatafuna. "Laini. Safi."

"Imepoa moyoni," Shangazi akasema. "Kama nyama ya mgonjwa. Lete nyingine."

Mama akaleta soli. Wakatafuna. Baba akaacha kutafuna, kisha akaendelea polepole. Shangazi akanyoosha mkono gizani kutafuta sahani, akaipata, akaivutia kwake.

"Hii," akasema, mdomo umejaa.

"Hii," Baba akasema.

Ndugu hawa wawili hawakuwa wamewahi kukubaliana juu ya kitu chochote tangu utotoni, hata juu ya nani alizaliwa kwanza. Wakafungua vitambaa. Baba akaitazama ile nyama nyeusi kwa mshangao, akainua sahani kwa mikono miwili, akasoma chini yake.

"Buluu! Umeme! Nilisema mimi! Sayansi imesema!"

Akapiga kofi moja la ushindi, kisha akachomoa futi ya kupimia kutoka mfukoni, futi ambayo ni wazi ilikuwa humo tangu asubuhi, akaelekea uani. "Godoro litasimama ukutani kwa muda. Mpaka tupate mpango."

Kitimbi akamtazama Mama. Mama ndiye aliyeitoa nyama nyeusi kwenye pipa kwa mikono yake mwenyewe. Mama alikuwa amekunja mikono, anamtazama binti yake. Alionekana hana haraka yoyote. Alikuwa na uso wa mtu aliyefunika jiko na kujua kwamba kilichomo ndani kitaiva chenyewe.

Kitimbi akapiga hesabu. Akinyamaza, jiko la umeme linaingia chumbani, na yeye anakwenda kwa Shangazi. Akisema, jiko la umeme linarudi dukani, lakini mkataba umevunjika, na yeye anakwenda kwa Shangazi. Njia zote zilifika kwenye kitanda kilekile.

Huko uani futi ikalia *kraa* ikijivuta. "Linaingia!" Baba akapaza sauti. "Linaingia kabisa!"

Pembeni mwa sahani kilibaki kipande kimoja cheusi. Kitimbi hakuwa ameonja, kutwa nzima. Akakichukua, akatafuna. Moshi wake ule, aliouhangaikia hadi macho yakavimba, ulimpanda hadi puani, mtamu. Ikamchoma kuona sifa zote zimekwenda kwa lile jokofu lililokuwa limelala tu.

"Baba!" akaita. "Rudi. Kuna tangazo."

Baba akarudi, futi inaning'inia. Kitimbi akasimama wima, mkono mmoja kifuani.

"Wanafamilia wapendwa," akaanza.

"Fupisha," Mama akasema.

"Nyama nyeusi ni ya pipa. Vibandiko nilivibadilisha mimi, Mama alipokwenda kunawa. Niliona yangu mbaya, nikadhani mtachagua kwa macho. Sikujua mnaonja kama vipofu. Pipa ndilo limeshinda. Nimelishindisha mimi, halafu nikaliibia mimi."

Baba akaitazama futi, akaiachia ikajirudisha yenyewe. Shangazi hakuacha kulamba vidole.

"Na kwa nini uliogopa hivyo?" akauliza. "Kulala na mimi kuna ubaya gani?"

Mama akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Kitimbi akavuta pumzi. Kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, aliona bora aimalize yote.

"Shangazi," akasema, "unakoroma. Na unapiga teke."