Ndoo Chini ya Paa la Soko

Paa la soko letu lina miaka mia tano na ushee, na tundu lake lilikuwa juu ya kichwa changu mimi. Majira matatu ya baridi nimeuza jibini ya mbuzi na ndoo miguuni. Kila nikimwambia Bastien, meya wetu, jibu ni moja: "Tutaliangalia, Ghislaine." Nimelichoka hilo "tutaliangalia" mpaka nalisikia usingizini.

Alhamisi ile mvua ilinyesha kwelikweli. Nikamwona meya kule mkahawani, ng'ambo ya uwanja, anachovya mkate kwenye kahawa. Nikasema leo hanikwepi.

"Utaikosa kengele," alionya Yvette, muuza kuku, jirani yangu.

"Kwani naenda Paris, dada? Naenda hapo tu."

Soko letu lina sheria isiyo na huruma. Kengele ya kufungua ikilia hujasimama kwenye nafasi yako, anaichukua anayesubiri, mpaka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Marehemu mama aliipata yetu hivyohivyo, akacheka wiki nzima.

"Mheshimiwa, njoo uone sasa hivi!" nilimwambia meya nilipofika mkahawani.

"Nimalize kahawa, mama."

Akamaliza. Akaagiza nyingine. Nilikuwa namkokota kwa mkono katikati ya uwanja kengele ilipolia.

Kwenye nafasi yangu nilimkuta mwanamke mgeni, wa mjini, anapanga sabuni za maua.

"Fernand! Nimekwenda kwa ajili ya paa la wote!"

"Kengele ni kengele," alisema Fernand, bwana soko, bila hata kuniangalia. "Mama yako angekwambia."

Hapo tone likaangukia sabuni. Likafuata jingine. Povu likatambaa mezani, mgeni akapiga ukelele, na Bastien akainua uso juu.

"Kumbe linavuja! Aibu gani hii mbele ya mgeni? Jumatatu fundi apande!"

Nilitamani kumrushia jibini, ila jibini yangu haina kosa.

Na fundi akapanda kweli. Alhamisi iliyofuata sabuni zilikaa kavu chini ya paa, nami niko nje uwanjani na mwavuli, mvua inanipiga mgongoni. Yvette akatoka na ndoo yangu.

"Chukua, dada. Mle ndani haina kazi tena."

Nikaipokea, nikaiweka miguuni kwa mazoea. Kabla sijauza hata kipande, ilikuwa imejaa.